Haradali ya Kibuyuni

Wapendwa, leo nataka niwapeleke jikoni kwa mama mmoja. Ni mama wa milimani, kule ambako mashamba yamesimama wima hivi kwamba jembe likikuponyoka unalifuata bondeni. Jina lake sitalitaja. Nikilitaja mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani, na mahubiri yatakuwa yameishia hapo. Mwiteni mama, inatosha.

Mama huyu alikuwa na haradali. Nyinyi wenzangu wa mjini mnaijua haradali ya kwenye chupa. Mimi nasema mmea wenyewe, wenye majani mapana ambayo ukiyatafuna mabichi yanakupanda puani mpaka machozi yanakutoka, na ukiyachemsha yanapoa, unayalia ugali. Usipoyachuma, mmea unarefuka, unatoa maua ya njano, halafu maganda membamba yenye punje ndani. Punje hizo mama alizikaanga kwenye mafuta mpaka zikaanza kurukaruka, ndipo akamimina maharage yake. Alizisaga na chumvi na ndimu akapata achari. Mtoto akibanwa kifua, alizitwanga, akazifunga kwenye kitambaa, akamkanda. Watu wakipita karibu na jiko lake walipunguza mwendo. Salamu zilikuwa ndefu kweli: habari za asubuhi, habari za watoto, habari za ng'ombe, mpaka mwenye nyumba aone aibu na kusema karibuni. Na alisema, maana hakuwa mchoyo.

Mbegu ile hakuinunua dukani. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake naye alipewa na mama yake. Ndiyo desturi ya watu wa kule. Binti akiondoka kwao kwenda kuanza maisha, mama yake anashika pindo la kanga yake, anatia haradali kidogo, anafunga fundo. Hatoi hotuba. Binti anajua maana yake: jiko lako, popote litakapokuwa, lina baraka zangu. Na yule asiyefungiwa haradali, hata apigiwe vigelegele vya kijiji kizima, anajua kwamba ameondoka kwao kama aliyefukuzwa.

Basi mama huyu alikuwa na binti mmoja tu, na baba wa binti alikuwa amekwisha kutangulia. Wakabaki wawili na lile shamba. Na haradali, wapendwa, haifai kulimwa na mtu mmoja. Punje zake ni ndogo mno, unazichanganya na majivu ndipo unamwaga, na mwenzako anakuja nyuma akifukia. Kuvuna ni alfajiri, umande ukiwa bado juu ya maganda, kwa sababu jua likishawaka yanapasuka yenyewe na mbegu zote zinamwagika chini. Halafu mnatandika kanga kuukuu uani, mmoja anapiga kwa fimbo, mwingine anashika pembe za kanga. Binti ndiye aliyekuwa akishika pembe.

"Mama, taratibu basi," alikuwa akisema. "Unapura haradali au unanipura mimi?"

"Nyote wawili mnahitaji fimbo," mama alikuwa akijibu, na wanacheka mpaka jirani anauliza kuna nini.

Haya. Binti akakua, mama akamtafutia mchumba. Kijana mwalimu, mpole, mtoto wa mwenzake wa kwaya. Mambo yalikuwa yamekwisha kuzungumzwa kwa nusu. Mwaka huohuo kanisa likaezekwa upya, akaja fundi wa bati kutoka nchi tambarare, ng'ambo ya mto. Alikuja na nyundo na kiroba cha misumari, alilala kwenye chumba cha vifaa, na alikuwa anaimba akiwa juu ya paa. Mkitaka kujua mengine yalikwendaje, waulizeni mabinti zenu. Paa lilipokwisha, binti alisema, "Mama, ni huyu."

Mama akakataa. Fundi hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, wala hakuwa na mke mahali. Kosa lake lilikuwa moja: hakuna aliyemjua baba yake. "Hana kwao," alisema mama, na neno hilo likawa ndilo jiwe la njiani. Mjomba wa binti akasimamia ndoa. Mama alikaa jikoni kwake, akasikia kengele akiwa hukohuko.

Asubuhi ya kuondoka, binti akaja akasimama mlangoni pa jiko.

"Mama, naondoka. Nimekuja unifungie."

Mama alikuwa anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. "Nikufungie nini?"

"Haradali, mama."

"Haradali yangu haiwezi kuota kwenye ua wa mtu asiye na kwao. Mwambie akupe misumari yake, ukapande."

Binti alikuwa amekwisha kuligeuza pindo la kanga yake tayari, kama wasichana wanavyofanya, akabaki amelishika hivyo. Mwishowe akasema, "Basi nipe hata ile kanga tunayopuria. Niwe na kitu cha nyumbani."

"Chukua. Ni tambara tu."

Akaichukua, akaikunja, akaondoka. Mama alisikia hatua zake zikishuka mteremko, na kila hatua ilimuuma. Naomba mnielewe: alimpenda mtoto wake. Asiyependa hawezi kukasirika kiasi kile. Lakini alijiambia, atarudi mwenyewe kuomba, na siku hiyo nitamfungia.

Sasa sikilizeni alichofanya. Msimu ule alivuna peke yake, akazitia mbegu zote kwenye kibuyu, akaziba kwa gunzi, akakitundika juu ya meko. Mvua zilizofuata akatoka na jembe lake, akasimama kwenye tuta, akawaza. Nikipanda, majirani wataomba mbegu kama kawaida. Mbegu ya jirani itafika sokoni. Ya sokoni itavuka mto. Mwisho wake yule atapika kwa haradali yangu, na mimi sikumpa! Akasema kwa sauti, pale shambani peke yake, "Hata punje moja." Akarudi ndani akachukua miche ya kabichi.

Waliomuuliza aliwaambia haradali yake imeingiliwa na wadudu. Kibuyu kikabaki juu ya moto, kikapigwa na moshi msimu hadi msimu. Na yule mama, mpishi aliyekuwa akisimamisha watu njiani, akaanza kula maharage chapwa. Alikula chapwa yeye ili kumwadhibu mtu aliye ng'ambo ya mto, ambaye hata sahani yake haioni. Wapitaji wakaacha kupunguza mwendo. Salamu zikawa fupi.

Naona wengine mnatabasamu. Tabasamuni tu. Ni wangapi hapa tunakula chapwa hivi leo, kwa ajili ya mtu tuliyeapa kutompa?

Alimkumbuka binti yake, hilo nalisema wazi. Aliposikia mahali bati linagongwa, aliinua kichwa. Mvua za baridi zilipoanza, aliwaza kifua cha mwanawe, maana tangu utotoni kilikuwa kinambana, na ni haradali iliyokuwa ikimfungua. Alisikia kwamba amejifungua mtoto wa kike. Alifurahi, akalia, halafu akangoja waje wao. Na wao, wakiwa wamefukuzwa, wakangoja waitwe. Mjukuu alikua mpaka akaanza shule, na bibi yake hajamshika hata mkono.

Siku moja jirani yake aliyekuwa akienda mnadani ng'ambo ya mto akaingia bila kupiga hodi vizuri.

"Mama mwenzangu, nimemwona mwanao. Amekonda. Kifua kile kile, na safari hii kimemkalia vibaya. Hospitali amekwenda, amerudishwa nyumbani. Amenituma kwako."

"Amesemaje?"

"Amesema, mwambie mama anisaidie haradali kidogo, ya kukandia."

Moyo wa mama uliruka. Mnajua mdomo wake ulisema nini? Ulisema, "Leo ndiyo ameikumbuka? Haradali ina mwenyewe. Akiitaka aje aombe kwa kinywa chake."

"Dada, hawezi kupanda mlima huu. Hata kutoka uani anashikwa mkono."

Jirani alipoondoka, mama alipanda juu ya kigoda akakitungua kibuyu. Akazibua. Punje zilikuwa zimefifia rangi na kunuka masizi. Akatia moja mdomoni akaitafuna, akangoja ule ukali umpande puani. Haukuja. Ilikuwa kama ametafuna mchanga.

Hapo, wapendwa, angeweza kujifunga kanga akashuka mlima. Ni safari ya siku moja tu kwa mtu anayejua njia za mkato. Lakini aliwaza hivi: miaka yote hii sijakanyaga kwake, leo niingie ua wa mkwe mikono mitupu? Au na hizi punje zilizokufa ladha? Watasema mama mwenye haradali amekuja na masizi. La. Nitapanda kwanza. Haradali ni mmea wa haraka, haimalizi wiki imechipua. Nitakwenda na mzigo wa majani mabichi kichwani, mkwe aone, majirani zake waone.

Aliita jambo hilo adabu. Na kwa kweli ni adabu, tumefundishwa sote. Nani hapa anakwenda kumwona mgonjwa bila hata ndizi?

Akachanganya mbegu na majivu, akamwaga, akarudi mwenyewe nyuma akafukia. Mvua ilikuwa nzuri. Kila asubuhi alichuchumaa kwenye tuta. Yaliota magugu. Alingoja, akafukua kwa kidole, akakuta punje ziko vilevile alivyoziweka. Akasema nimezifukia chini sana. Akamwaga mara ya pili, zote zilizobaki, mpaka akakikung'uta kibuyu.

Jirani akamkuta hapo. "Bado hujaenda tu?"

"Niende na nini?"

"Nenda na miguu yako, mama mwenzangu."

"Mkono mtupu haulambwi," alisema mama, akainama tena.

Alikuwa ameinama hivyohivyo asubuhi aliyofika mdogo wa yule fundi. Kijana yule alisimama mwanzo wa tuta, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Mama alilia akiwa amechuchumaa, mikono ndani ya udongo. Kisha akainuka, akashuka mlima naye. Hakunawa mikono. Hakubeba ndizi. Siku hiyo hakuuliza aende na nini.

Walifika jua likianza kuelekea magharibi. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, watu wamekaa kwenye mikeka. Mama aliona haya kupita mbele ya watu wale, akazunguka nyuma ya nyumba ili aingilie uani. Alipokata kona, harufu ikampiga usoni kabla hajaona kitu. Akainua macho.

Ua mzima ulikuwa haradali. Mimea mingine ilikuwa majani, mingine maua ya njano, mingine imekwisha kufunga maganda. Ilikuwa ni ileile ya kwao, ya mama yake na mama wa mama yake. Angeitambua hata gizani.

Akapiga hatua kulifuata tuta la karibu, lililokuwa limerefuka kuliko mengine, halijaguswa hata jani. Sauti ndogo ikamzuia.

"Shikamoo bibi. Usikanyage hapo."

Alikuwa mtoto wa kike wa umri wa shule, amekaa kwenye ngazi ya jiko, macho yamevimba kwa kulia.

"Marahaba, mwanangu. Kwa nini nisikanyage?"

"Hapo ni pa bibi yangu. Bibi wa mlimani. Mama alitukataza kuchuma hilo tuta. Alisema bibi akija akute mbegu."

Mama hakuweza kusema kwamba ni yeye. Akaketi chini palepale. Fundi alikuwa ameambiwa kuwa mkwe amefika, akatokea uani, akapiga magoti mbele yake kwenye udongo.

"Shikamoo, mama."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mkwewe tangu aoe. Mama alikuwa anaangalia maua.

"Hii mliipata wapi?"

"Ni ile kanga, mama. Ile ya kupuria. Tulipofika hapa alifumua pindo. Ndani yake mlikuwa na punje zimeingia kwenye mshono, hazikujaza hata kisoda. Alizipanda kwenye kopo, akazilinda kama mtoto. Zimejaa mpaka majirani wanachukua."

"Kwa hiyo alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo, mama."

"Siku ile alipotuma mtu kwangu, alikuwa nayo. Ua mzima." Sauti ya mama ilikuwa inapanda. "Sasa aliniomba ya nini?"

Fundi aliangalia chini. Nadhani angependa kusema uongo, lakini hakuwa na nguvu za kuutunga.

"Hakuwa anataka haradali, mama. Mimi nilimwambia, tuma neno tu kwamba mama aje. Akasema, simjui mama yangu? Hawezi kuja bure, atashindwa kuanzia wapi. Akasema, nitamwomba haradali, ili apate kitu cha kushika mkononi akija. Tangu siku hiyo alitaka kitanda kigeuzwe kitazame njia ya mto."

Mama aliifumbua mikono yake akaitazama. Udongo wa tuta lake ulikuwa bado umekaukia kwenye vidole, na punje mbili tatu zimeganda ndani ya udongo. Zilikuwa zimekufa zamani, huko juu ya meko, wakati yeye akizilinda zisivuke mto. Na mto zilikuwa zimeuvuka siku ya kwanza kabisa, ndani ya kitu alichokiita tambara.

Ndipo akapiga yowe ambalo watu wa mbele walilisikia, wakajua kuwa mama mzazi amefika.

Wapendwa, mimi namwacha hapo, kati ya matuta. Msiniulize alirudije nyumbani. Alipewa mbegu, ndiyo. Tuta lile lilikuwa lake, na alfajiri moja alilivuna, na yule mtoto wa kike alishika pembe za kanga. Lakini kila punje aliyoipura, aliipura akijua ni nani aliyepaswa kushika. Hilo halikuondoka, na mimi siwezi kuliondoa kwa kuwapambia maneno.

Punje ya haradali mmeshahubiriwa sana. Mmeambiwa ni ndogo, na mkaitikia amina. Leo nawaomba mwitazame ikiwa kibuyuni, imezibwa, inapigwa moshi. Ni nini hicho tulichokitundika juu ya meko? Ni samahani ya nani? Ni baraka ya mtoto gani, aliyeoa tusipopataka, aliyesali tusiposali, aliyejibu vibaya siku moja tu akiwa na hasira? Tunasema nitampa akija. Tunadhani ipo, imehifadhiwa, tutaizibua siku tutakayotaka na itakuwa na ukali wake wote. Nani alituambia?

Na kuna wengine kati yetu ambao hasira ilikwisha zamani. Ninyi ndio ninaowaonea huruma zaidi. Hamna kinyongo tena, mna aibu tu. Mmekaa mnatafuta cha kushika. Nitakwenda nikimaliza nyumba. Nitapiga simu sikukuu ikifika. Nitakwenda na kitu cha maana, baada ya muda wote huu siwezi kwenda hivihivi. Tunafukua tuta kwa kidole kila asubuhi kuangalia kama imechipua, na huku mtu amegeuza kitanda chake kitazame njia.

Ndugu yangu, yule ambaye amekuomba kitu juzi, kitu kidogo, kitu ambacho ukifikiri vizuri anacho tayari: amekuomba haradali kweli?

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kwenye harusi na misiba tuendelee kuwasikiliza. Lakini leo tukitoka hapa, kabla ya chakula cha mchana, kuna mlango unaoujua wewe na Mungu wako. Usipitie sokoni. Usipitie shambani. Nenda mikono mitupu.